Chumba cha Sita cha Fundi Abdulrazak

Fundi Abdulrazak aliingia kwenye banda langu la gemu kuziba ufa wa siku moja, akakaa miezi saba. Ndo mafundi hao. Ukimwita fundi, andaa na chai ya kumalizia mwaka.

Banda liko Kariakoo, nyuma ya Mtaa wa Msimbazi, uwani kwa nyumba ya zamani ambayo maghorofa yameibana huku na huku mpaka jua linaingia kwa miadi. Televisheni nne, pleisteshen nne, mabenchi, na feni moja inayozunguka pale inapojisikia. Biashara ilikuwa ya kaka yangu. Yeye kaenda zake Maskati, mi Mama Sitara nikaachiwa mitambo ambayo hata pa kuwashia nilikuwa sipajui. La saba yangu haikugusa mambo hayo. Sasa hivi ukiniletea pedi ya kuchezea iliyokufa naifungua kwa bisibisi, naipuliza vumbi, inafufuka, na ukikaa vibaya nakufunga goli mbili.

Siku hiyo fundi alikuwa juu ya ngazi na mwiko wake, plasta inamdondokea kwenye kofia. Chini yake kakaa Manan. Huyu Manan ni Mhindi wa mtaa wa pili, ana duka la mabomba na masinki, mtu mzima wa miaka arobaini. Kila mchana anamuaga mama yake, Bi Lilavati, kwamba anaenda benki. Bi Lilavati mpaka leo anaamini benki za Dar zina foleni kuliko benki zote duniani.

Gemu la Manan si la mpira. Ni la nchi kubwa, milima na mapori, unatembea na jamaa mmoja mwenye upanga mgongoni, unaenda popote roho inapotaka, unapigana na majambazi, unaokota mbao na mawe, halafu ukichoka unachagua kiwanja unajenga makazi yako. Manan alikuwa anajenga mnara. Ghorofa ya tatu kaitokeza nje, inaning'inia.

"We bwana!" fundi akasema kule juu. "Hiyo sakafu imeshikwa na nini?"

"Haijashikwa na kitu, mzee. Gemu hili."

"Itaanguka."

"Haianguki."

"Nimejenga miaka thelathini, sijaona kisichoanguka."

Manan akacheka, akabandika ukuta mmoja juu yake. Mnara wote ukashuka, pwaa, na jamaa wa upanga kafukiwa na mbao. Fundi hata hakutabasamu. Alishuka ngazi taratibu, akafuta mikono kwenye suruali, akasema, "Nipe hicho kidude."

Ule ufa nilikuja kuuziba mwenyewe.

Mwanzoni tulicheka sana, siwezi kudanganya. Mtu wa miaka sitini, vidole vinene vya kushika tofali, pedi ndani ya mikono yake inaonekana kama sabuni ya hotelini. Alidharau kila kitu. Ukuta kwenye gemu unatoka mzima mzima, unaubandika. "Saruji iko wapi?" anauliza. "Kokoto? Huu si ujenzi, huu ni kupanga mayai." Siku ya tatu alikuja na timazi yake, ile ya uzi na risasi ya chuma, akaitundika mbele ya televisheni kupima kama ukuta wa kwenye gemu umesimama. Haukusimama. Akapima na televisheni yenyewe, kumbe ndo imelala upande. Akaing'oa, akaifunga upya. Manan alikuwa amecheza miaka miwili na nchi yake imeinama, hajui.

Manan akamkatia kiwanja ndani ya gemu lake, karibu na mto. "Hapa pazuri, mzee. Maji hapa hapa."

"Maji nayajua," fundi akasema. "Bondeni sikai tena. Nipeleke mlimani."

Basi akapelekwa mlimani. Wenzake kwenye gemu hilo wanajenga ngome, wanazungushia miti iliyochongwa, wanaweka mitego. Fundi Abdulrazak akajenga nyumba ya Kiswahili. Ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uwani jiko na choo, mbele baraza. Baraza! Katika nchi ya majambazi kaweka benchi nje, wakija wakae.

Na mlango wa mbele hafungi. Kila siku majambazi wanaingia, wanavunja vyungu, wanaiba, Manan anapiga kelele, "Mzee, funga mlango!"

"Mchana?"

"Ndiyo, mchana!"

"Nifunge mlango mchana, majirani watasemaje? Watasema tunakula pilau kwa kujificha."

"Majirani gani? Hawa ni mbwamwitu na majambazi!"

"Na wao wana midomo."

Siku moja, nimempa chai, nikamuuliza. Baba, una kazi za watu huko nje, plasta zinakusubiri, hapa unatafuta nini? Akaweka kikombe chini, akaniambia.

Alikuwa na nyumba Jangwani, kule bonde la mto Msimbazi. Alikuja kutoka Newala kijana, akaoa, akanunua kipande bondeni kwa sababu ndo palipokuwa pananunulika, akajenga mwenyewe. Vyumba sita. Kila tofali kalifyatua yeye. Halafu mvua ya mwaka ule ikaja, mto ukapanda, asubuhi wanatoka na godoro kichwani, jioni wanarudi kuangalia, kimebaki choo. "Choo nilikiwekea nondo," akaniambia, kama anayeomba radhi kwamba vyumba hakuviwekea.

Wakahamia Mbagala, chumba cha kupanga. Haukupita mwaka, mkewe, Anifa, akapata kiharusi. Mkono wa kushoto ukalala, na akili ikawa inaenda na kurudi. Nyumba kusombwa, hakumbuki. Anaamka kila siku asubuhi, anajifunga kanga, anachukua mkoba wake, anakaa ukingoni mwa kitanda. "Baba Badria, tunarudi lini nyumbani?" Anaambiwa kesho. Kesho anaamka, anajifunga kanga, anachukua mkoba.

"Nikimwambia nyumba haipo, analia kama ndo anasikia mara ya kwanza," fundi akasema. "Ndo anasikia mara ya kwanza, kila siku. Sasa nimeona hapa naweza kumjengea. Nimlete aione mara moja tu. Aingie, azunguke, aridhike. Labda ataacha kuuliza."

Hapo nikaacha kumcheka. Lakini mdomo wangu una tabia zake, nikamchokoza kidogo. "Mwenzio anakuita Baba Badria, we unamwita Anifa, Anifa, kama ndo kwanza mnachumbiana. Badria mwenyewe kaolewa wapi?"

Akaomba sukari.

Nikamwongezea sukari. Sikuuliza tena, na hilo najilaumu mpaka leo.

Miezi ikaenda. Manan naye akashika adabu. Anaenda porini na yule jamaa wa upanga kumtafutia fundi mbao, kama kibarua. Vikaingia vitanda, vyungu, kamba ya kuanikia nguo, mpapai uwani. Mpapai wenyewe si mpapai, ni mti wa huko kwao kwenye gemu, lakini fundi kausimamisha mahali pa mpapai wake na akatuambia tuuite hivyo. Tukauita.

Sasa gemu hilo lina masharti. Pembeni ya kioo kuna mstari wa njano. Kila unachojenga, mstari unapanda. Ukijaa, basi, huongezi hata kigoda mpaka uvunje kitu. Mstari wa fundi ukajaa na vyumba vitano. Cha sita, cha mwisho kulia, hakipo. Kaweka ukuta mtupu.

"Vunja baraza," Manan akamwambia. "Cha sita kitaingia."

"Nyumba bila baraza ni stoo."

"Basi toa vyungu. Una vyungu kumi na mbili, mzee, unafungua hoteli?"

"Mstari umejaa," fundi akasema. "Gemu limekataa. Acha hivyo hivyo."

Mi nikajua ni mapenzi ya baraza. Nilivyo mjanja.

Fundi akamleta mkewe siku ya Jumatano, saa nne asubuhi. Wateja wangu wa mpira niliwafukuza, nikawaambia umeme umekatika, na huku feni inazunguka. Wakaondoka wananitukana kwa heshima. Bajaji ikasimama, fundi akashuka, akamshika mkewe mkono. Mwanamke mwembamba, kanga mpya, wanja umepakwa na mtu asiyejua kupaka wanja. Nikajua ni yeye fundi. Mkoba kaubana kwapani.

"Shikamoo dada," nikamwambia.

"Marahaba. Hapa ndo kwetu?"

"Subiri, Anifa," fundi akasema. "Kaa hapa. Angalia pale."

Manan alishika pedi, maana fundi alikuwa bado kamshika mkewe mkono. Nyumba ikatokea. Anifa akaegemea mbele.

"Mbona imepanda mlimani?"

"Tumeihamisha. Bondeni kulikuwa na maji."

"Afadhali," akasema. "Nilikwambia siku nyingi." Halafu akacheka, akanigeukia kunionyesha mumewe, "Huyu, mpaka umwambie mara saba."

Jamaa wa upanga akafika barazani. Anifa akamwangalia. "Na huyu nani, anaingia kwangu na silaha?"

"Mgeni kutoka Newala," fundi akasema.

"Huko nako wamekuwaje siku hizi." Akajiweka kanga vizuri kichwani, akapaza sauti: "Hodi!"

Manan akaganda. Hakujua aendelee au asubiri. Mwanamke anapiga hodi nyumbani kwake, kwenye televisheni ya inchi thelathini na mbili, na mumewe aliyekaa pembeni yake akaitika, "Karibu. Karibu, Anifa, pita ndani."

Akapita. Alikuwa anajua kila kitu, chumba cha kila mpangaji. "Hapa kwa Mama Evelyn, na samaki wake wa kukaanga, ukumbi wote unanuka mpaka Ijumaa. Hapa kwa Pantaleo. Timu ikifungwa analia, akilia anasahau kulipa. Hapa chetu." Anacheka, anampiga fundi begani kwa mkono ule mzima. Manan naye anacheka, machozi yanamlengalenga. Mi nikasema moyoni, Mungu mkubwa, imekubali. Fundi kaniangalia, uso umefunguka kama wa bwana harusi.

"Twende mwisho," Anifa akasema. "Kulia."

Manan akampeleka jamaa mwisho wa ukumbi, akageuka kulia. Ukuta.

"Mlango uko wapi?"

"Mstari umejaa," fundi akasema. "Gemu limekataa."

"Mlango wa mwanangu uko wapi?"

"Anifa..."

"Ulisema utaufungua baada ya Ramadhani."

Nikamwangalia fundi. Uso wake ulikuwa umejifunga.

Aliyoyasema hapo, na mengine aliyonimalizia baadaye, ni haya. Badria alikuwa binti yao wa pekee. Alikuwa na siko seli, ule ugonjwa wa damu. Alifariki kwenye chumba hicho, cha mwisho kulia, ana miaka kumi na sita. Mama yake akahamia humo. Analala kwenye kitanda cha mtoto, ananusa sare za shule, hapiki, haongei, na halii. Chozi halikumtoka hata moja. Arobaini ikapita, yuko humo. Dada yake akaja kumchukua akapumzike Kigamboni siku tatu. Fundi akabaki peke yake na nyumba. Akachukua tofali, akachanganya saruji, akauziba mlango. Kitanda ndani, sare ndani, viatu ndani. Akapiga plasta, akapaka rangi ileile ya ukumbi. Kazi safi, hata alama huioni.

"Mi ni mwashi, Mama Sitara," aliniambia. "Nilifanya kazi ninayoijua."

Anifa aliporudi alienda moja kwa moja mpaka mwisho wa ukumbi. Akaupapasa ukuta kwa kiganja. Akauliza mara moja tu, utaufungua? Fundi akasema, baada ya Ramadhani. Kesho yake mwanamke akaingia jikoni, akapika. Fundi akaona kafanya la maana. Na tangu siku hiyo hakumwita tena Mama Badria, akawa anamwita jina lake. Ramadhani zikapita nne. Halafu mto ukaja, ukakichukua chumba hakijafunguliwa.

Sasa Anifa kasimama katikati ya banda langu. Akaenda mpaka kwenye televisheni, akaweka kiganja juu ya ule ukuta.

"Badria!" akaita. Si kwa kulia. Anaita kama unavyomwita mtoto chakula kinapoa. "We Badria! Itika basi! Mama nimekuja!"

Manan akaweka pedi kwenye benchi, akaangalia chini.

Fundi akaichukua. Akaanza kuvunja. Kwenye gemu hilo kuvunja ni kubonyeza mara moja tu, kitu kinayeyuka. Akavunja baraza. Benchi la majambazi likaenda. Akavunja kwa Mama Evelyn, akavunja kwa Pantaleo, vyungu kumi na mbili, jiko, kamba ya nguo. Mpapai. Mstari wa njano unashuka, unashuka, ulishatosha kitambo, na yeye anavunja tu. Akafika kwenye chumba chake na mkewe, akakivunja nacho. Miezi saba ya Manan kukata mbao. Hakuna aliyemzuia.

Halafu akautoa ule ukuta. Akaweka mlango, akajenga chumba, dirisha, kitanda. Akaweka pedi chini.

"Mama Badria," akasema. Ndo mara ya kwanza namsikia. "Nimefungua. Karibu."

Anifa akarudi nyuma hatua moja aone vizuri. "Hodi, mwanangu," akasema taratibu.

Fundi hakuitika. Manan akainua pedi, akamsogeza jamaa wa upanga mpaka ndani, akamsimamisha mbele ya kitanda. Kitanda cha gemu, ngozi ya mnyama juu yake, kimetandikwa vizuri kabisa.

Anifa akakiangalia kitanda kile. Nje watu wa Kariakoo wanapiga kelele zao, jamaa ananadi soksi kwa spika.

"Hayupo," akasema.

"Hayupo, Mama Badria."

"Alikuwa humu."

"Alifariki. Alifariki humu, tukiwa wote wawili. Nikafunga."

Ndipo alipolia. Chozi lile la miaka yote lilitoka siku hiyo, kwenye banda la gemu, saa tano kasoro asubuhi. Akawa anampiga mumewe kifuani kwa mkono mmoja, ule mzima, "Ulimfungia! Ulimfungia peke yake gizani!" na fundi kasimama, mikono chini, anapokea. Alipochoka kupiga akamwegemea kifua hichohicho. Mi nikatoka kwenda kumwambia muuza soksi apunguze sauti, si kwamba ilikuwa inanisumbua.

Wiki tano hawakuonekana. Nilikuwa nampigia simu, anasema tupo, tunaendelea. Kumbe Manan kila mchana akija hachezi mambo yake. Anaenda mlimani kuwatoa majambazi kwenye ile nyumba iliyobaki ukumbi na chumba kimoja. Anawakimbiza, kesho wameingia tena, maana mlango uko wazi. Nikamwambia, si ufunge? Akasema, "Mlango wa watu, Mama Sitara. Nitaufungaje?"

Siku moja fundi akaja peke yake, mchana. Kakonda. Nikampa chai, nikamwekea sukari kabla hajaomba.

"Mgonjwa anaendeleaje?"

"Yupo. Haulizi tena."

"Alhamdulillahi."

"Asubuhi anaamka, mkoba hashiki. Nikimwambia kunywa chai, anakunywa. Nikimwambia lala, analala." Akazungusha kikombe. "Afadhali alipokuwa anauliza, Mama Sitara. Alipokuwa anauliza alikuwa na pa kwenda."

Nikamjazia kikombe.

Akasogea kwa Manan. Nyumba ilikuwa kwenye kioo, ukumbi mrefu usio na vyumba, mwisho kulia mlango mmoja, na kitanda. Timazi yake ilikuwa bado imening'inia mbele ya televisheni. Hakuna mteja aliyethubutu kuigusa. Akaiangalia nyumba kwanza, uzi na ukuta vimelingana.

"Funga mlango, Manan."

"Upi, mzee?"

"Wa mbele."

Manan akageuka kumwangalia. "Mchana huu? Majirani watasemaje?"

Fundi akaitungua timazi, akaanza kuukunja uzi kwenye vidole.

"Watajua hatupo."